Watatu Wake na Sita Wangu

Wiki ya kwanza ya mwaka huanza siku gani? Niliulizwa swali hilo mbele ya wauguzi ishirini na kitu, mwezi wangu wa kwanza kazini, nikiwa na shahada ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Nilijibu, "Tarehe mosi Januari, bila shaka." Lile "bila shaka" ndilo lililowachekesha.

Aliyeuliza alikuwa mwanamke mnene mwenye buti za mpira za kijani, amekaa mstari wa nyuma akimenya karanga na kuweka maganda kwenye bahasha ya ofisi. Alikuwa titulaire, yaani muuguzi anayeongoza kituo cha afya, na kituo chake kilikuwa upande wa Kashuga, karibu na kambi za waliokimbia vita. Watu wote walimwita Mama Titulaire. Kulikuwa na wanawake wengine wenye cheo hicho, lakini ukilitaja jina hilo hakuna aliyeuliza ni yupi.

"Mutoto wa université," aliniambia, "na kama tarehe moya inaanguka dimanche? Ile siku moya peke yake njo semaine nzima?"

"Basi ikiangukia Jumapili, huanza lini, Mama?"

"Tafuta jeudi ya kwanza ya mwaka. Semaine yenye kuwa na ile jeudi, njo ya kwanza. Inaanzaka lundi yake, hata kama ile lundi iko bado mu mwaka wa zamani."

"Na kwa nini Alhamisi, si hiyo Jumatatu yenyewe? Nani aliamua?"

Nilidhani nimemkamata. Alitia karanga mdomoni, akatafuna mpaka mwisho.

"Muntu na bibi yake banaachana. Bako na batoto saba. Bane banalala kwa baba, batatu kwa mama. Bakikuuliza nyumba ya batoto iko wapi, utasema wapi? Kwenye bane. Semaine iko na siku saba. Kuanzia jeudi mupaka dimanche, ni ngapi?"

"Nne," nilisema.

"Aksanti, mwalimu." Chumba kizima kilicheka tena.

Siku hiyo nilianza kumwonea wivu, na sijui kama nimemaliza.

Kazi yangu ilikuwa kupokea hesabu. Kila kituo cha zone yetu ya afya kilihesabu wagonjwa wake kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, na Jumatatu iliyofuata kikaita ofisini kwa fonie, ile redio ya kupokezana sauti, kikitaja kwanza namba ya wiki na kisha magonjwa. Mimi niliingiza kwenye kompyuta. Watoto wenye surua wakipita kiwango fulani ndani ya wiki moja, mahali pamoja, dokta mkuu wa zone alikuwa na haki ya kudai timu ya chanjo kutoka mkoani. Kwa hiyo namba ya wiki ilikuwa na uzito. Ukiikosea, wagonjwa wa wiki mbili wanageuka kuwa mlipuko, au mlipuko unagawanyika vipande viwili na hakuna anayeuona.

Fonie haikuwa na siri. Kituo kimoja kikisema, vyote vinasikia, na Jumatatu asubuhi ilikuwa kama soko. Lakini mapigano yakishika barabara, vituo vilinyamaza kimoja baada ya kingine, na mimi nilikaa nikisikiliza mkwaruzo. Wiki hizo pia sauti ya Mama Titulaire ilikuja, nzito, kama ya mtu aliyekatizwa chakula, ikitaja, tuseme, wiki ya thelathini na nane: "Semaine trente-huit. Surua, zéro. Nasema zéro, sinyamaze."

Nilimwuliza mara moja, hewani, kwa nini alirudia maneno hayo kila wiki wakati sote tulimsikia.

"Zéro iko neno," alisema. "Kunyamaza haiko neno. Muntu akinyamaza unazania iko muzima, kumbe bameshamuzika."

Dokta mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, alitikisa kichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa nimemwandikia ripoti ya kurasa kumi na nne juu ya jambo hilohilo, yenye michoro. Hakuitikisia kichwa.

Mimi siamini kitu mpaka nimekigeuza chini juu. Nilisema moyoni kwamba muuguzi asiyekosea hata wiki moja katikati ya vita lazima anapika namba. Nikaomba kwenda kukagua. Nilikaa kituoni kwake siku mbili, nikilinganisha daftari la wagonjwa na ripoti zilizofika ofisini, mstari kwa mstari, yeye akinipita na ndoo na sindano bila kuniangalia. Nilipata kosa moja: mtoto wa homa aliyehesabiwa mara mbili. Pembeni yake alikuwa ameshalisahihisha kwa kalamu nyekundu na kutia sahihi. Nilirudi nimekasirika kama mtu aliyekwenda kufumania akakuta watu wanasali.

Lakini niliona na kusimuliwa mambo kule ambayo sikuyaweka kwenye ripoti ya ukaguzi. Kila Jumatatu, kabla ya kufungua dirisha la dawa, aliandika namba ya wiki kwa chaki kwenye mwimo wa mlango, kubwa kama kichwa cha mtoto. Kambini kalenda zilikuwa chache, na zilizokuwapo zilikuwa za miaka iliyopita, zimebandikwa kwa ajili ya picha. Basi watu walishika namba yake. Mama mmoja aliniambia mwanawe alizaliwa "semaine dix-sept", wiki ya kumi na saba, akalitamka kama jina la mtakatifu. Mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa, alikuwa na kalenda mpya ya Bikira Maria dukani kwake, na bado alituma watu wakatazame mlango wa kituo kabla ya kusema lori lake litapanda lini. Wawindaji kutoka misitu ya Walikale, waliovuka kijiji cha Kalembe na kuja kuchanjisha wajukuu, walitazama ile chaki kwanza. Kama namba waliyoambiwa ilikuwa haijafika, waligeuka wakarudi bila kuuliza mtu.

Mimi namba zangu zilitoka kwenye mashine, zikaenda mjini Goma, na hakuna mtoto aliyewahi kupewa umri kwa namba hizo.

Kuna mwaka walikimbia wote mpaka upande wa Muheto. Nilisimuliwa na msaidizi wake wa maabara. Mama Titulaire alifunga daftari kwa plastiki, akaliweka mgongoni, akalifunga kwa kitenge kama anavyofungwa mtoto. Jirani mmoja akampigia kelele njiani: "Mama, unabeba kitabu! Na sufuria, nani atabeba?"

"Sufuria iko ku soko," alijibu bila kugeuka. "Semaine yenye kupita, onyesha soko yenye kuiuza."

Walipofika, kabla ya kutafuta pa kulala, aliandika namba kwa kipande cha mkaa kwenye gogo. Jumatatu akaazima fonie ya watu wengine, akaita.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mchoyo wa chumvi na alifunga sukari yake kwa kufuli. Alikicheka Kifaransa cha wenzake, na chake mwenyewe kilichechemea miguu yote miwili. Na alikuwa mwongo, mwongo wa starehe, anayedanganya bila kulazimika. Aliwaambia waume kwamba wake zao wameandikiwa majuma matatu bila kubeba kuni, ugonjwa wenyewe haupo. Kijana mmoja mwenye bunduki aliyetaka sanduku la dawa aliambiwa ni dawa ya kuhara yenye kuondoa nguvu za kiume. Aliliweka chini polepole, akafuta mikono. Padri aliyeuliza kwa nini hakuonekana kanisani aliambiwa malaria. Nilikuwapo, siku zile za ukaguzi. Jumapili ile Mama alikuwa amelala tu.

"Mama, unamdanganya padri?" nilimnong'oneza.

"Nilisema na mudomo. Umeona nimeandika?"

Ndivyo alivyokuwa. Uongo wake wote uliishia mdomoni. Kwenye karatasi hakuwahi kuongeza mtu wala kumsogeza kutoka Jumapili kwenda Jumatatu. Mimi nilikuwa kinyume. Mdomoni nilikuwa mkweli mpaka watu wakanikimbia, ila kwenye karatasi, namba ikiharibu mchoro wangu, niliitafutia mahali pa kukaa.

Kisha ukaja mwaka ambao Januari mosi iliangukia Ijumaa.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi fonie iliwaka. Vituo viliita, kila kimoja kikasema "semaine un", nami nikaandika wiki ya kwanza. Kisha akaja yeye.

"Semaine cinquante-trois. Surua, batatu."

"Rudia, Mama. Semaine ngapi?"

"Cinquante-trois."

"Haiko," nilisema. Nilisikia furaha ikipanda kifuani mwangu kama maziwa yanayochemka. "Mwaka una wiki hamsini na mbili. Sema semaine un, kama wenzako."

"Jeudi yenye kupita ilikuwa tarehe trente-et-un, siku ya mwisho. Iko ya mwaka wa zamani, na semaine yake iko ya mwaka wa zamani. Fungua kalenda, dada."

"Mashine haina nafasi ya hamsini na tatu."

"Basi ongeza nafasi."

Mtu alicheka hewani, kituo gani sijui. Ile mashine nilikuwa nimeipanga mimi mwenyewe, safu hamsini na mbili, na kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Nilijua kalenda ilikuwa mezani, mkono wangu ungeifikia. Sikuifungua. Nilisema, mbele ya zone nzima, "Ripoti yako imekataliwa. Irudishe ikiwa sahihi."

Hakuirudisha. Wale watoto watatu wakabaki kwenye karatasi yangu ya rasimu, nje ya mashine, na dokta mkuu hakuambiwa.

Jumatatu iliyofuata aliita tena: "Semaine un. Surua, batatu." Hao walikuwa wengine, wapya. Mimi nikachukua watatu wa kwanza kutoka kwenye rasimu, nikawaweka pamoja na hawa kwenye safu ya wiki ya kwanza. Sita. Kiwango kikapitwa na mstari wa kituo chake ukageuka mwekundu. Nikakimbia kwa dokta na karatasi mkononi, nikamwambia nimegundua mlipuko. Nilisema hivyo: nimegundua. Akanipongeza. Akaanza kuandika barua ya mkoani.

Habari husafiri upesi kwa fonie kuliko kwa pikipiki. Jumatano alasiri Mama Titulaire aliingia ofisini, tope mpaka magotini, amekaa njiani tangu alfajiri kwa sababu ya vizuizi. Hakunisalimu.

"Docteur, nasikia niko na batoto sita ya surua mu semaine moya."

"Ndivyo mademoiselle huyu alivyonionyesha."

"Batoto ni bangu. Semaine haiko yangu." Akaweka karatasi mbili mezani. "Batatu huku. Batatu huku."

Dokta alizisoma zote mbili. "Mama, nielewe. Kwa sita, barua inaondoka leo na wataona rangi nyekundu. Kwa tatu na tatu, wataniambia tungoje wiki nyingine. Watoto ni walewale."

"Najua kukupita. Batoto banalala kwangu, habalale kwako."

"Sasa?"

"Sasa unakumbuka ile centre ya ngambo ya mutoni? Balikuwa banaongezaka bagonjwa juu ya kupata vyandarua. Kipindupindu ikabaingilia ya kweli, balilia mu fonie siku ine. Tulisema nini? Tulisema, hao banazoea kuongeza. Na weye ulisema, docteur. Nilikuwa nasikia."

Dokta aliisukuma pembeni barua aliyoianza.

"Andika tatu, andika tatu," alisema Mama Titulaire. "Chini yake andika: titulaire amebaona na macho yake, bote banalala mu kambi moya, bale ba pili baliambukizwa na bale ba kwanza. Nitaweka signature."

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Na wakikataa? Watoto wafe kwa ajili ya namba ya wiki?"

Swali lilikuwa zuri, na bado naliona zuri. Ila sikuliuliza kwa ajili ya watoto.

Aligeuka kunitazama kwa mara ya kwanza. Hakupaza sauti. "Weye njo ulikataa batatu yangu ya kwanza. Kama ungebaandika ile lundi, docteur angejua. Leo ni siku tisa."

Dokta akaniuliza, "Ni kweli?"

Nikasema ni kweli. Hakukuwa na pa kujificha.

Barua iliondoka ikiwa na tatu, na tatu, na maneno ya Mama Titulaire, na sahihi yake yenye mkia mrefu. Nililala na kuamka nikiisubiri ikataliwe. Nilitamani, Mungu anisamehe, wachelewe kidogo tu, kiasi cha kuonyesha kwamba sita yangu ingefaa zaidi. Huko mkoani mtu fulani alisoma, akapiga simu, na dokta aliweka spika wazi. "Nani ametia sahihi? Yule mama wa Kashuga?" Ndiye, dokta alisema. "Akisema watatu, ni watatu. Tunatuma."

Timu ilifika na masanduku ya barafu ya kubeba mgongoni kabla wiki ya tatu haijaisha. Kambi nzima ilichanjwa. Lakini kabla hawajafika, mtoto mmoja wa kike alikufa, wa familia iliyotoka msituni ng'ambo ya Kalembe. Nilimsikia Mama Titulaire akitangaza wiki ya pili kwa fonie, kama walivyomsikia wote: "Semaine deux. Surua, bane. Kifo, moya." Akanyamaza kidogo, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Umeandika?"

"Nimeandika, Mama."

Mpaka leo sijui kama sita yangu ya uongo ingeleta timu mapema, au kama watatu wake wa kweli, wangeandikwa siku ile ya kwanza, wangetosha kumwokoa yule mtoto. Nimefanya hesabu hiyo kwa njia nyingi. Siku tisa hazitoki.

Dokta hakunifukuza. Alinitaka niongeze safu moja kwenye mashine, nikaongeza. Baada ya hapo, kila kituo kilipotoa hesabu ya kutia shaka, watu walisema, "Hao ni watatu wa Mama Titulaire au ni watatu wa kawaida?" Walisema mbele yangu, bila nia mbaya, nami nilicheka pamoja nao. Nilikuwa na miaka mitano ya chuo. Yeye alikuwa na chaki. Nilimwonea wivu kwa kuaminiwa kwake. Zaidi ya yote nilimwonea wivu kwa kubaki kule: wengine waliomba kuhamishwa, walijifanya wagonjwa, walitoweka. Yeye, watu walisema, haogopi kitu, hawezi kuacha watu wake. Mimi niliogopa hata kwenda kukagua mara ya pili.

Mara ya mwisho nilimwona kule Muheto, nyumbani kwa binti yake, alipokuwa ameshastaafu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha na nilikuwa nimepanga maneno. Nilimkuta kwenye kibao, ungo wa maharage magotini, anatoa mawe.

"Mutoto wa université. Umekuya na sukari?"

"Sikuleta, Mama. Nisamehe."

"Sasa umekuya na nini?"

Nikaanza kusema juu ya wiki ile, safu zile, yule mtoto wa kike. Aliniacha niseme. Vidole vyake havikusimama.

"Jina yake, unaijua?" aliuliza.

Sikulijua. Nilijua umri, jinsia, kijiji alikotoka, wiki. Akanitajia jina, mara mbili, polepole, kama anavyotajiwa mtu anayeandika. Kisha akasukuma nusu ya maharage upande wangu, nami nikaanza kuchambua. Alinisahihisha mara mbili. Nilikuwa naacha mawe madogo.

Baada ya muda akauliza, "Ofisi yenu, meza yako iko bado pale kwa dirisha?"

"Iko."

"Pale bunduki inasikikaka?"

"Kwa mbali. Mara moja moja."

"Mara moja moja," alisema, akapepeta ungo.

Alifariki msimu wa mvua uliofuata. Miaka miwili baadaye zone ilihamia jengo jipya, nikapewa kazi ya kupanga majalada ya zamani. Katika jalada la maombi ya wafanyakazi yaliyokataliwa nilikuta barua tatu zenye sahihi ya mkia mrefu. Zote ziliomba kazi ya takwimu ofisini. Ya kwanza ilieleza uzoefu wake. Ya pili ilisema: nimechoka kukimbia. Ya tatu ilikuwa mistari miwili: ninaogopa risasi, silali tena usiku, ninaomba mnitoe huku. Pembeni ya kila moja mtu wa ofisi, asiyeweka jina, alikuwa ameandika jibu lilelile: hapana, nani mwingine atatupatia namba za kuaminika kutoka kule. Barua ya tatu ilikuwa ya mwezi mmoja kabla sijaajiriwa mimi kwenye kazi hiyohiyo.